Baruti ya Polepole

Asubuhi ile nilitoka Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, bila kujua ninakokwenda. Sikuwa na kazi wala miadi, na Mkongo aliyenipangisha chumba alikuwa na redio iliyosema Kifaransa tangu alfajiri. Nikapanda treni ya kwanza iliyofungua milango mbele yangu, nikateremka mahali ambapo hakuna mwingine aliyeteremka. Ndivyo nilivyozoea kuchagua. Nimezaliwa Kigoma, mwisho wa reli. Mtu wa mwisho wa reli akitaka kusafiri ana upande mmoja tu wa kwenda, na akishauanza, mwili unazoea kwenda. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa sababu sikupenda kujua mambo, ila kwa sababu mwalimu alikuwa na majibu machache kuliko maswali yangu na fimbo nyingi kuliko yote mawili.

Nilitembea hadi nikaona dirisha la duka lenye mizani ndani yake. Ilikuwa mizani ndogo ya shaba, mikono yake myembamba kama miguu ya panzi. Nilishawahi kuona mizani ya dhahabu kule Geita, lakini hii ilikuwa ndogo zaidi. Nikaingia kuuliza inapima nini. Mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta akasema inapima baruti. Nikauliza kwa nini baruti ipimwe kwa uangalifu kuliko dhahabu. Akanitazama, kisha akanionyesha katoni za marisau zilizorundikwa nje ya mlango, akasema nikiziingiza ndani atanieleza. Zilikuwa nzito kama dhambi za ukoo mzima. Niliziingiza, naye akanieleza mpaka wakati wa kufunga. Kesho yake nilirudi kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa, na nje ya mlango kulikuwa na katoni nyingine. Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa.

Nyinyi mlionifuata nyuma ya kaunta ile mliniomba niandike yale ninayoyakumbuka. Nimeandika ya kazi tu. Habari za nani alipandishwa na nani alilipwa nini mtazipata kwingine, na hazitawasaidia siku mteja atakapowauliza swali.

Yule mzee aliitwa Rune. Alikuwa fundi bunduki na mwenye duka. Wasweden huitana majina matupu, hata mkurugenzi na mfagizi, lakini mimi sikuweza kumwita mtu wa umri wa baba yangu jina tupu kama namwita mbuzi. Nikamwita Mzee Rune. Yeye alidhani "Mzee" ni cheo cha mafundi bunduki huko kwetu. Baada ya mwaka hivi nikamweleza kwamba maana yake ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Akafikiri kidogo, akasema basi ni cheo kile kile. Hatimaye wateja nao wakawa wanaingia wakiuliza kama Mzee yupo, kwa lafudhi ya Kiswidi.

Wateja wetu walikuwa wa aina mbili: wawindaji, waliotaka risasi ya kumwangusha paa au kongoni mkubwa wa misitu ya huku, na walenga shabaha, waliotaka risasi ya kutoboa karatasi mahali pale pale ilipotoboka mara ya kwanza. Mwindaji hununua risasi zilizokwisha kutengenezwa, akaenda zake. Mlenga shabaha hutengeneza zake mwenyewe nyumbani, kwa kibali. Anachukua ganda lililokwisha kupigwa, analisafisha, analipachika fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kwenye kitako, anamimina baruti aliyoipima, kisha anashindilia kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani. Ukimwuliza kwa nini asinunue tu, anakuangalia kama vile mama anavyomwangalia mtu anayemshauri anunue maandazi ya dukani.

Jambo la kwanza alilonifundisha Rune ni kwamba mezani panakaa kopo moja tu la baruti. Si mawili, hata kama la pili limefungwa. Ukimaliza, unarudisha baruti kwenye kopo lake, unalifungia kabatini, ndipo unatoa jingine. Punje za aina mbili zinaweza kufanana kama Kulwa na Doto, na ukishazichanganya hakuna jicho la kuzitenganisha. Aliwahi kuja bwana mmoja na kopo lisilo na karatasi ya jina, akaomba tumwambie ni baruti gani. Rune alilifungua, akanusa, akamwuliza kama nyumbani ana waridi. Bwana akasema anazo. Rune akamwambia akazinyunyizie, ni mbolea nzuri. Yule bwana alicheka akingoja jibu la kweli. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli.

Jambo la pili lilikuwa swali la mbadala. Ninyi mtaliulizwa zaidi kuliko sisi, kwa sababu viwanda vinaungana, vinafungwa, vinabadilisha mchanganyiko na kuacha jina lile lile kwenye kopo. Mteja anaingia, anataja baruti aliyoitumia miaka yote, unamwambia haipo tena. Uso wake unabadilika. Kisha anauliza: "Sasa ipi inalingana nayo?" Rune hakuwahi kujibu swali hilo moja kwa moja. Alikuwa na orodha ukutani inayopanga baruti zote kuanzia ile iwakayo upesi mno mpaka ile iwakayo taratibu mno, na wateja walipenda kuiwekea kidole, wakisema hii na hii zimekaa jirani, basi ni sawa. Rune aliwaambia kwamba yeye na jirani yake wa ghorofa moja wamekaa ukuta kwa ukuta tangu ujana, na bado ufunguo wa mmoja haufungui mlango wa mwingine.

Sasa niseme habari za Consolata, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nilielewe swali hilo.

Consolata alikuwa Mrundi aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa. Alikaa Vårby gård, kusini mwa jiji, na binti yake, na kazi yake ilikuwa kuwatunza vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Siku ya kwanza alipoingia dukani nilidhani amepotea njia. Aliomba fataki kwa Kiswidi, kisha akaona jina langu kifuani, akahamia Kiswahili.

"Weye Ramadhani wa wapi?"

Nikamwambia Kigoma.

"Aah. Muha." Alisema kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. "Nilipita kwenu nikikimbia. Mlituuzia maji."

Nikamwambia na wao walikuwa wametuibia ng'ombe kwanza. Akacheka, na tangu hapo tukawa watani. Yeye aliniita Muha wa mwisho wa reli, mimi nilimwita Bibi Mlima.

Watu wengi walitaka kujua kwa nini mwanamke aliyekimbia bunduki aende kujiunga na klabu ya bunduki. Mimi nilimwuliza waziwazi. Alikuwa anahesabu fataki kwenye kiganja, hakuinua macho. Alisema kwao risasi ilikuwa kitu cha kusikia tu, inatoka usikokujua, inakwenda usikokujua. Hapa alitaka kuwa yeye anayeiambia itoke lini na iende wapi, na huko iendako kuwe na karatasi tu. Kisha akauliza bei. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya mchezo ule, hata kwa wale waliozaliwa ndani yake.

Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo kila klabu ya Sweden ilikuwa nayo wakati fulani, na aliinunua kwa utaratibu wote kwa mjane wa mwanachama. Alilenga akiwa amelala chini, umbali wa mita mia tatu. Alikuwa hodari, lakini hodari wa kimyakimya, na klabu yake ilichukua muda kuliona hilo. Mwaka ninaousimulia, mwenyekiti wa klabu alimwambia kwamba kuna nafasi moja imebaki kwenye kikosi cha mashindano ya vuli. Mwezi wa tisa kutakuwa na jaribio, na akifikisha pointi zinazotakiwa, nafasi ni yake.

Ndipo baruti yake ikaisha. Si yake tu, ya Stockholm nzima. Kiwanda kiliacha kuitengeneza. Consolata alizunguka kila duka, akapiga simu mpaka miji ya kusini, akauliza wanachama wenzake kama wana kopo kabatini. Kila aliyekuwa nalo aliling'ang'ania. Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba asijisumbue, mwaka huu azoee baruti mpya taratibu, nafasi nyingine itapatikana mwaka ujao.

Alitusimulia hayo akiwa amesimama mbele ya kaunta bila kuvua koti. "Mwaka ujao," alisema. "Miaka yote niliyosubiri makaratasi ya kukaa nchi hii niliambiwa mwaka ujao. Mimi mwaka ujao siutaki tena. Nataka huu."

Rune hakujua Kiswahili, lakini alielewa koti. Akaenda kabatini, akarudi akiwa anafikiri. Aliniambia nimweleze kwamba kuna baruti mbili zinazoweza kufaa. Moja inawaka upesi kidogo kuliko ile ya zamani, nyingine inawaka taratibu kidogo. Yeye angependelea ile ya taratibu.

Consolata alijua Kiswidi cha kutosha kumwogesha kikongwe, kumlisha na kugombana na daktari wake. Lakini habari za baruti tulizoea kuziongea Kiswahili, kwa hiyo nikamtafsiria. Nikasema ipo ya haraka, ipo ya polepole, na Mzee anashauri ya polepole.

Akaegemea kaunta. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama Mzee ana nyumba ya wazee mahali anakotaka kumpeleka.

"Kwa nini?"

"Maana ananipa baruti ya upole. Kwa sababu mimi mwanamke, sindiyo? Mwambie risasi yangu inatakiwa kufika mita mia tatu, haiendi kumsalimia mtu mgonjwa. Nipe ya haraka."

Nikamwambia Rune anataka ya upesi. Rune akainua nyusi, lakini mteja ni mteja. Akaileta, akaiweka juu ya kaunta. Akaniomba nimwulize swali moja tu: anakusudia kutia kiasi gani?

Consolata akajibu mwenyewe, kwa Kiswidi. Kiasi kile kile cha siku zote.

Rune alinyoosha mkono, akalichukua kopo kutoka kaunta, akalirudisha kabatini, akafunga kufuli. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu huku akiendelea kuzungumza na wageni.

Hapo ndipo iliponibidi nifanye kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya. Kwa Kiswahili, kitu cha haraka kina nguvu na cha polepole ni cha upole. Maneno yenyewe ni ndugu. Lakini baruti haijui Kiswahili. Baruti ya haraka haifanyi risasi iende haraka. Inawaka yote kwa mkupuo, kabla risasi haijaanza mwendo, na nguvu yote inabaki pale pale penye komeo la bunduki na uso wa mpigaji. Ukitia kiasi cha ile ya taratibu, chuma kinaweza kushindwa. Ile ya polepole inaendelea kuwaka huku risasi inatembea ndani ya mtutu, inaisukuma njia nzima. Yule polepole ndiye mwenye nguvu, mradi mtutu ni mrefu na ganda ni kubwa, kama yake.

Niliyasema hayo yote, nadhani vibaya. Nilitumia mfano wa kusukuma gari lililozimika na kulipiga teke. Consolata alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Kisha akasema, kama anayejisemea:

"Kumbe ni mabua."

"Mabua gani?"

"Kambini tulipikia mabua ya mahindi. Moto unapanda mpaka unaunguza nyusi, sufuria linaruka, halafu kwisha, na maharage bado mawe. Ukipata gogo, moto hata huuoni vizuri. Lakini maharage yanaiva." Akamgeukia Rune, akamwonyesha kabati. "Ile mabua. Nipe gogo."

Nikamtafsiria Rune. Akaniambia niyarudie maneno yale mawili. Tangu siku hiyo, mpaka alipoondoka dukani, orodha ya ukutani ilikuwa na maneno mawili yaliyoongezwa kwa kalamu ya risasi: juu kabisa *mabua*, chini kabisa *magogo*. Mkiyakuta maneno hayo yakitumiwa na mlenga shabaha Msweden mwenye mvi, asiyejua yalikotoka, sasa mnajua.

Lakini aina za magogo ni nyingi, na kuchagua moja ndiyo kazi. Rune alimwekea maswali yake ya siku zote. Je, baruti hiyo inajaza ganda vizuri? Ikiacha nafasi kubwa tupu, punje zinalala huku na kule na kila risasi inawaka kivyake. Je, inapita vizuri kwenye kipimio? Ile ya vijiti virefu inakwama, inakatika, inataka mtu mwenye subira na mizani. Ile ya chembe za mviringo inateleza kama mchele. Je, inachukuliaje baridi? Nyingine zinapiga vizuri mwezi wa saba na kuchoka mwezi wa kumi. Na je, mwaka kesho itakuwepo? Hilo la mwisho Consolata alilipenda, akasema ndilo swali alilotakiwa kuulizwa kabla ya kuolewa.

Ile ya mviringo tuliiacha kwa sababu Rune hakuiamini kwenye baridi. Tukabaki na moja ya vijiti vifupi. Rune akafungua kitabu cha kiwanda, akamwonyesha kipimo cha kuanzia kwa kichwa cha risasi cha uzito aliokuwa akiutumia: kile cha chini kabisa, si cha juu. Akamkataza kabisa kutazama vipimo vyake vya zamani. "Mbadala si pacha," alisema. "Akija mgeni kulala kwako, humvalishi nguo za aliyeondoka."

Majira yale ya joto, Jumapili nyingi nilikwenda naye kwenye uwanja wa klabu. Sikuwa na sababu ya kwenda, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha. Aliongeza kipimo kwa chembe chembe, risasi chache kwa kila hatua. Baada ya kila mlio tulikuwa tukiokota ganda na kulisoma. Fataki ikiwa bado ina ukingo wa mviringo, mambo ni shwari. Ikianza kulala bapa kama chapati, au komeo likianza kugoma kuinuka, hapo umefika ukutani, unarudi nyuma bila kujadiliana. Kwa ajili ya baridi, Rune aliziweka risasi za majaribio kwenye sanduku lenye kufuli ndani ya friji ya dukani, na mimi kila nilipofuata maziwa ya kahawa nililisogeza. Zilipopigwa zikiwa baridi zilikwenda karibu sawa na zile za joto. Siku hiyo Rune alinunua keki.

Tatizo lilikuwa jingine. Matundu kwenye karatasi yalitawanyika. Hayakutawanyika vibaya, lakini kwa pointi zilizotakiwa yalikuwa mapana mno. Consolata alikuwa na jambo moja kichwani: risasi ya zamani ilikwenda kwa mwendo fulani, na kwa mwendo huo alikuwa amezoea kila alama ya kilengeo chake, miaka yote. Alitaka mwendo ule ule urudi. Kwa hiyo alipandisha kipimo, na kila alipopanda matundu yalizidi kuachana, na kadiri yalivyoachana ndivyo alivyotaka kupanda. Siku moja fataki zilianza kulala. Rune, aliyekuwa amekuja na kiti chake cha kukunja, akamwambia ashuke.

"Nikishuka, risasi itapiga chini," akasema Consolata. "Alama zangu zote zitakuwa uongo."

Rune alimwambia ndiyo, zote.

"Na jaribio ni mwezi ujao."

Alimwambia ndiyo, ni mwezi ujao.

Consolata alibaki amelala kwenye mkeka, shavu kwenye mti wa bunduki, akitazama mbele. Nilidhani atasimama na kwenda zake. Ingemwezekana. Mwenyekiti angemwambia mwaka ujao, na kila mtu angeelewa.

"Haraka haraka," akasema mwishowe, bila kugeuka, "malizia weye Muha."

"Haina baraka."

"Nilikuwa nadhani ni methali tu. Kumbe ni maelekezo ya kiwanda."

Akashuka. Alirudi hatua kadhaa chini ya mwendo wa zamani, mahali ambapo kwa haraka zake alikuwa amepapita bila kupaangalia vizuri. Kwenye kipimo kimoja hapo, matundu yalikaribiana mpaka yakaanza kugusana. Risasi ilikwenda taratibu zaidi kuliko zamani, ikapiga chini kuliko alama zake zote, na ikapiga mahali pamoja. Mwezi uliobaki hakufanya kazi nyingine ila kuzifuta alama za zamani kichwani na kuziandika mpya. Alisema hilo lilikuwa gumu kuliko Kiswidi, kwa sababu Kiswidi hakikumtaka asahau Kirundi.

Asubuhi ya jaribio ilikuwa na ukungu na baridi, aina ile ya hali ya hewa ambayo baruti nyingine huitumia kama kisingizio. Nilisimama nyuma ya kamba pamoja na Rune. Mwenyekiti alikuwepo, akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa kutoa pole. Consolata alilala, akageuza kilengeo mibofyo kadhaa kupita pale mkono wake ulipozoea kusimama. Niliuona mkono ukisita. Nadhani hilo ndilo lilikuwa jaribio lenyewe, zaidi ya yote yaliyofuata. Kisha ukaendelea mpaka kwenye alama mpya, akapiga.

Waliporudisha karatasi, mwenyekiti aliijumlisha mara ya kwanza, akaijumlisha tena. Akampa mkono, akamwambia nafasi ni yake. Consolata akamjibu kwa Kiswidi safi kwamba anashukuru, na kwamba mwaka ujao pia ataitaka. Njiani kuelekea kwenye basi nilimwambia hakuwa na haja ya kumchoma mzee wa watu hivyo. Akasema hakumchoma, alikuwa anaweka miadi.

Kwenye mashindano kikosi chao kilimaliza katikati ya orodha, na hakuna gazeti lililoandika. Aliendelea na baruti ile ile na kipimo kile kile. Mara chache alikuja dukani akalalamika kwamba kopo jipya lina tabia tofauti kidogo na lililopita, akaanza tena chini na kupanda, bila kuhitaji kuambiwa. Rune aliuza duka, akahamia kwa dada yake karibu na ziwa. Wenye duka wapya waliisugua orodha ya ukutani, ila hawakufika chini kabisa, na neno *magogo* bado lilisomeka siku niliyostaafu. Nendeni mkaangalie nyuma ya kabati la mafuta ya kusafishia mitutu.

Nilistaafu mwanzoni mwa majira ya joto. Mlinipa kahawa, keki na saa ya mezani, na nashukuru, ingawa mtu wa kukaa mahali pamoja ndiye anayefaa saa ya mezani. Wiki iliyofuata niliamka, nikafunga begi, nikaenda stesheni kuu. Nilipanda treni iliyokuwa inaelekea kaskazini. Mahali fulani nikahamia treni ndogo ya behewa moja, kwa sababu tu ilikuwa ya behewa moja. Ilisimama mahali ambapo reli inaingia kwenye nyasi na kukoma.

Mwenye duka la mboga alinielekeza kwa mama mmoja aitwaye Gunvor, mjane, mwenye chumba cha kupangisha juu ya karakana ya marehemu mumewe. Gunvor aliniuliza nilifanya kazi gani. Nilipomwambia, alichukua ufunguo, akanipeleka chini kwenye kabati la chuma. Tangu mumewe afariki hakujua amwambie nani kuhusu kilichomo humo. Kulikuwa na maganda, mizani, mashine ya kushindilia iliyopakwa mafuta vizuri. Na kulikuwa na kopo moja, utepe wake wa kiwandani haujakatwa. Nilitambua rangi ya karatasi kabla ya kusoma jina. Ilikuwa ile ya zamani, ambayo Consolata aliitafuta Stockholm nzima.

Nilimwambia Gunvor afunge kabati na awapigie polisi wa mji, watakuja kuichukua, na wala hawatamlaumu. Kisha nikatoka uani, nikampigia Consolata. Vyombo viligongana nyuma yake. Alikuwa anawalisha wazee wake.

"Weye Muha. Uko wapi?"

"Mwisho wa reli."

"Tena?"

Nikamweleza nilichokiona. Vyombo vikanyamaza.

"Imefunguliwa?"

"Haijafunguliwa."

Nikaanza kumwambia kwamba utaratibu upo, kwamba mwenye kibali anaweza kuuliza polisi kama—

"Iache," akasema. "Nikiipata hiyo itabidi nianze upya. Mimi kuanza upya nimeanza mara za kutosha." Nikasikia kijiko kikigusa sahani. "Umepata pa kulala?"

"Ndiyo nakiangalia chumba."

"Kina joto?"

"Kina jiko la kuni."

"Kuni gani?"

Nikatazama ukuta wa karakana, pale marehemu alipokuwa amezipanga mpaka chini ya dirisha, zimekauka, zimepasuliwa sawasawa.

"Magogo," nikasema.

"Basi kaa."

Gunvor alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa chumba mkononi. Aliniuliza ninakitaka kwa usiku mmoja au zaidi. Nikamwambia sina haraka.